Sanduku la Bibi wa Kijapani

Watu wa Kimandolu, Arusha, wanaomfahamu Ndeshi watakuambia ni mama mpole, mwenye adabu zake, Mmachame anayepika loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, kuwashinda wenye loshoro yao. Sawa, yote kweli. Lakini waulize kama walishawahi kumwona amesimama juu ya kreti la soda, kanga kaikaza kiunoni, anapigana na joka mchana kweupe huku maharage yanaungua jikoni. Watakucheka. Waache wacheke. Joka lilikuwepo, maharage yaliungua, na bila joka lile Ndeshi angekuwa mpaka leo anapikia kwenye banda la mabati lililokuwa likivuja kila mahali isipokuwa mlangoni.

Ulikuwa mwaka wa tisini na sita. Nchi ilikuwa imefunguliwa madirisha yote, na kila kitu cha dunia kilikuwa kinaingia. Duka lililokuwa likiuza kibiriti na sabuni ya mche sasa lilikuwa na saa za plastiki, mashuka ya Kichina na redio zenye taa za kuwaka na kuzima. Magari yaliyotumika Japani yalishuka bandarini Dar yakapandishwa Arusha hivyohivyo, bado yameandikwa ubavuni kwa lugha ya kwao, hili lina picha ya samaki, lile lina picha ya maua, na hakuna aliyejua kama anapanda gari la muuza samaki au la hospitali. Watu walipanda tu.

Elimringi, mdogo wake Ndeshi, ndiyo ilikuwa kazi yake, kuyaleta hayo magari. Na nikisema mdogo wake nakuwa nimepunguza mambo. Mama yao alifariki kule Machame Elimringi akiwa hajaota hata jino, na Ndeshi alikuwa darasa la sita. Siku ya msiba akamfunga mtoto mgongoni, na daftari akaliweka juu ya dari. Hakurudi tena shule. Alimlea, akamsomesha kwa ndizi na maziwa, naye akakua, akawa mtu wa suruali za kupigwa pasi na gari lake mwenyewe. Ndeshi aliolewa, akaja mjini, akafiwa na mume, akapata kazi kiwandani, na kiwanda kilipouzwa akapunguzwa pamoja na wenzake. Mafao yake akanunua tivii. Walimsema sana kwa hilo. Yeye alikuwa na hesabu yake: akiweka tivii bandani, wateja watakula huku wanatazama habari. Ukweli ni kwamba wateja wengi walikula huku wanatazama chenga.

Siku moja baada ya chakula cha mchana Elimringi akaingia bandani ameinama, maana mlango ulikuwa mfupi, na mkononi ana mfuko wa nailoni.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekula?"

"Nitakula. Angalia nilichokikuta kwenye vani, chini ya kiti cha nyuma. Wenye gari walikisahau."

Ndani ya mfuko kulikuwa na mashine ya kijivu, ukubwa wa boksi la viatu, na pedi mbili za kushika mkononi zenye vitufe, na kaseti moja nene. Juu ya kaseti kulikuwa na picha ya mtoto ameshika fimbo mbele ya mlima unaofuka moshi. Maandishi yote ya Kijapani. Ndeshi akaigeuza kaseti huku na huku.

"Mbona huu ni Mlima Meru," akasema.

"Dada, Meru haifuki moshi."

"Labda wameuchora zamani."

Elimringi akacheka, akamwambia amtunzie mpaka apate mtu wa kuinunua. Akala loshoro yake. Halafu, kabla ya kuondoka, akafanya lile jambo lake. Akachomoa ufunguo kwenye mkufu wa funguo zake, akauweka mezani pembeni ya bakuli la sukari.

"Dada, chukua ufunguo."

"Tutaona," akasema Ndeshi, akauokota na kumrudishia kiganjani, kama alivyofanya mara zote.

Hapo sasa inabidi nieleze, la sivyo hutaelewa kitu. Elimringi alikuwa amejenga fremu za maduka kule Themi, karibu na mto, na ya pembeni kabisa aliiacha bila mpangaji. Ina sakafu ya saruji, ina bomba la maji ndani, ina mlango unaotazama barabara. Ndeshi aliitaka ile fremu mpaka ikawa inamwuma tumboni. Kila alipokwenda sokoni alizunguka makusudi apite pale, anaweka uso kwenye kioo cha dirisha, anapanga: jiko litakaa huku, benchi zitakaa kule, dirishani ataweka chupa za chai. Kisha anaendelea na safari yake kana kwamba alipotea njia tu. Masika ikija, banda la Kimandolu linajaa maji, wateja wanakula wamenyanyua miguu, na yeye bado anasema tutaona.

Kwa nini? Kwa sababu alimlea. Kwao, dada aliyelea mdogo wake hanyooshi mkono kupokea. Angeichukua fremu ile, Machame nzima ingesema Ndeshi alimlea Elimringi kwa mkataba, na sasa amekuja kuchukua malipo ya uji. Hilo neno hakuwa tayari kulisikia hata kaburini. Kwa hiyo akameza mate yake, akakanda unga wake.

Tuirudie mashine. Asubuhi iliyofuata alikuja Resiato na maziwa. Huyu anatoka upande wa Ngaramtoni, mama mrefu mwenye mdomo usio na breki, ndiye aliyekuwa akimletea Ndeshi maziwa ya loshoro, na kwa miaka ile walikuwa wameshakuwa ndugu. Akaiona mashine, akataka iwashwe. Ndeshi akakataa. Resiato akaenda mwenyewe kumwita Dismasi, fundi redio wa pale njia panda, akamleta kama anayemkamata.

Dismasi akaigeuza mashine, akasoma kibati cha chini, akatikisa kichwa.

"Hii inakula umeme mdogo, wa kwao. Ukiichomeka ukutani hivihivi, moshi wake utaivisha loshoro."

Akaenda, akarudi na transfoma nzito iliyotoka kwenye friji ya Wamarekani fulani. Akaunga nyaya. Tivii ikanguruma, picha ikatokea, ikaanza kupanda juu bila kukoma kama mtu anayevuta shuka. Dismasi akaingiza bisibisi nyuma, akazungusha kidogo, picha ikatulia. Lakini haikuwa na rangi. Nyeusi na nyeupe tupu.

"Rangi zake zinaongea lugha nyingine na tivii yako," akasema. "Mtacheza hivyohivyo."

Wakacheza hivyohivyo. Kwanza mashine ikawatolea ukurasa wa herufi, inataka kitu, hawajui nini. Ndeshi akabonyeza kitufe, akabonyeza, akabonyeza, mpaka ikaridhika. Ukalia muziki mdogo wa kupendeza, na yule mtoto wa kwenye picha akatoka nje ya nyumba, ana fimbo yake, amesimama kijijini anangoja kuambiwa. Ndeshi akagusa pedi. Mtoto akapiga hatua. Nakuambia, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mjane, mzee wa kanisa mtarajiwa, alihisi moyo umemruka kama wa msichana. Aligusa tena. Akatembea tena.

"Anakusikia," akasema Resiato.

"Ananisikia," akasema Ndeshi, na hakuikumbuka sufuria.

Kuanzia siku hiyo, wateja wa mchana wakishaondoka na vyombo vikishaoshwa, wanawake hawa wawili walikaa mbele ya tivii. Resiato alichelewa kurudi Ngaramtoni, mumewe akauliza, akamjibu kuwa wana kikundi. Waliligawana lile jitoto. Ndeshi alilitembeza, Resiato alipigana. Maana nje ya kijiji kulikuwa na wadudu, na popo, na vitu vyenye meno ambavyo hata jina havina, na Resiato alikuwa mtu wa fimbo tangu tumboni. Alikuwa akipiga huku anainuka kwenye benchi, pedi inamfuata na waya wake.

"Fimbo ya chini," alikuwa akifundisha. "Mnyama humpigi kichwani kwanza, unampiga mguu."

Na sheria alizitunga Ndeshi. Ya kwanza, kila mzee aliyemo kijijini asalimiwe, kila wakipita. Waligundua kwamba ukisimama mbele ya mtu na kubonyeza kitufe, maandishi yanatiririka chini ya picha. Ndeshi akakata shauri kuwa hiyo ndiyo marahaba yao. Basi ikawa hawatoki kwenda porini mpaka wamepita kwa mzee wa kisimani, mzee wa ng'ombe, mama mwenye kuku, na mwisho kabisa bibi mmoja aliyekaa peke yake kwenye nyumba ya pembeni. Mteja mmoja aliyekuwa amekaa akinywa chai aliwaambia wanapoteza muda, picha haijali salamu. Ndeshi alimtazama tu, na yule bwana akamalizia chai yake.

Sheria ya pili, kutogusa cha mtu, ndiyo iliyowaponza. Nyumbani kwa yule bibi, pembeni ya kitanda, kulikuwa na sanduku. Kila wakimsalimia, bibi anatoa maneno yake yaleyale, na sanduku lipo palepale.

"Mama Hope," Resiato alisema, maana binti wa Ndeshi aliyekuwa shule ya bweni aliitwa Hope. "Hili sanduku limekaa kama linatuita."

"Mwenyewe yupo, anatutazama. Utamfungulia bibi wa watu sanduku mbele ya macho yake?"

"Ni picha."

"Ni bibi. Tumeingia kwake bila hata hodi, maana hodi haina kitufe. Hilo linatosha kwa aibu."

Sanduku likaachwa. Na si hilo tu, kila nyumba ilikuwa na kisanduku au chungu, na vyote Ndeshi alivipita kama havioni. Kwa hiyo jitoto lao lilivuka mto, likavuka msitu, likaingia mapangoni, lina fimbo ileile liliyotoka nayo nyumbani na shati lake moja. Walikufa mara nyingi mno. Lakini walijifunza. Walijua kila popo anatokea upande gani, walijua pa kujificha, walijua pa kukimbia, na Resiato alifikia kupiga huku anazungumza habari za bei ya mahindi.

Ndipo wakafika mlimani. Juu kabisa, kwenye mdomo wa moto, kulikuwa na joka limelala kwenye lango. Ndeshi akaona kichwa chake tu kikainuka, akashika mdomo. Resiato akapiga mguu. Joka halikushtuka. Akapiga mkia, akapiga tumbo, akapiga mpaka kidole kikavimba. Joka likapumua mara moja, jitoto likawa majivu. Kesho yake hivyohivyo. Keshokutwa hivyohivyo. Wiki nzima wakawa wanapanda mlima wakiwa na matumaini na kushuka wakiwa majivu, na Ndeshi akaanza kuweka chumvi mara mbili kwenye mboga.

Katikati ya hali hiyo Elimringi akaja. Alikuwa na habari, na alizisema akiwa amesimama.

"Dada, nimepata mtu wa ile mashine. Anaitwa Ludovick, wa Moshi. Anataka kufungua nyumba ya gemu na video, vijana waje wacheze. Atakuja Jumamosi."

"Jumamosi hii?"

"Hii." Akasita, akachezea funguo zake. "Na anataka pa kuifungulia. Nimemwambia kuna fremu ya Themi. Siwezi kuiacha tupu miaka yote, dada. Kama huitaki."

Safari hii hakuuweka ufunguo mezani. Ndeshi alitazama mahali pale pembeni ya bakuli la sukari, pakiwa patupu.

"Ni sawa," akasema. "Mpe."

Elimringi akaondoka bila kula. Ndeshi akakaa. Resiato, ambaye hakuna jambo lisilomfikia, akamwambia wazi kuwa amefanya ujinga. Ndeshi akamjibu kuwa hajui mila zao. Resiato akasema mila anazijua, ila hajawahi kuona mila inayomkalisha mtu kwenye maji. Siku hiyo hawakucheza, na maziwa yalipokelewa bila mazungumzo.

Siku iliyofuata, siku mbili kabla ya hiyo Jumamosi, akaja kula kijana mmoja mteja wa siku nyingi, Kisioki. Kazi yake ilikuwa kuwapandisha wageni Mlima Meru, na alikuwa ametoka kushuka asubuhi hiyohiyo, magoti yanamlia, njaa imemkaba. Ndeshi akampakulia. Resiato alikuwa mbele ya tivii, amenuna, analitembeza jitoto kijijini kwa sababu salamu ni salamu hata kama mmegombana. Kisioki akapeleka kijiko mdomoni, na kijiko kikakomea njiani.

"Mama, hizo herufi mimi nazijua."

Wote wawili wakamgeukia.

"Wageni wangu wengi ni Wajapani. Mmoja alinifundisha kule kibandani mvua ilipotufungia. Wana herufi ngumu, zile siziwezi. Ila hizi ni zile rahisi, za watoto." Akasogea na bakuli lake, akakaa karibu. "Haya, nani anaongea?"

Resiato akalisimamisha jitoto mbele ya bibi wa pembeni. Akabonyeza. Maandishi yakatiririka. Kisioki akaanza kusoma kama mtoto wa darasa la kwanza, kidole hewani, silabi kwa silabi, anarudi nyuma, anajaribu tena. Halafu akacheka peke yake.

"Anasema, mjukuu wangu, fungua sanduku. Vilivyomo ni vyako. Nilikuwekea."

Resiato akashusha pedi mapajani. Maharage yalikuwa yanatokota.

"Soma tena," akasema Ndeshi.

Akasoma tena. Ni yaleyale.

"Na hayo maneno," Ndeshi akauliza polepole, "ndiyo anayoyasema kila siku?"

"Kwa ninavyojua mimi hizi mashine, hana mengine. Ni hayo tangu siku ya kwanza."

Resiato akaachia kicheko ambacho kilimtoa kwenye benchi. Alicheka amekaa chini, ameshika mbavu, machozi yanamtoka. Wamevuka nchi nzima kwa fimbo, wamekufa mara zisizohesabika, na bibi wa watu amekaa kitandani anawabembeleza wachukue, nao wanamjibu shikamoo na kuondoka. Ndeshi naye akacheka. Alicheka kweli, mpaka mabega yakatikisika. Lakini alipokuwa anajifuta macho kwa ncha ya kanga, kitu kikamchoma. Alimwona yule bibi na maneno yake yasiyobadilika, na papo hapo akaona mkono wa Elimringi pembeni ya bakuli la sukari. Dada, chukua ufunguo. Miaka mingapi, maneno yaleyale. Hakumwambia mtu. Alienda kukoroga maharage ambayo hayakuhitaji kukorogwa.

"Tulijiita nani?" Resiato akauliza. "Pale mwanzo tulipobonyeza hovyo."

Kisioki akatafuta. "Aaaa," akasoma.

"Aaaa nini?"

"Hilo ndilo jina. Aaaa."

Wakafungua sanduku. Ndeshi ndiye aliyebonyeza, na kabla ya kubonyeza alisema "Asante bibi" kwa sauti, na wala hakuna aliyemcheka. Muziki wa shangwe ukalia. Ndani mlikuwa na upanga wa babu na koti la kuzuia moto. Kisioki akawasomea nyumba nyingine, na kila nyumba ilikuwa hivyohivyo, chukua viatu, chukua dawa, chukua mkate wa njiani. Kijiji kizima kilikuwa kimewaandalia, na wao walikipita mikono mitupu wakijiona wana adabu. Wakavibeba vyote. Resiato peke yake ndiye aliyelalamika.

"Fimbo ilikuwa inatosha," akasema. "Ilikuwa bado kidogo tu."

Jumamosi ikafika na mvua yake. Mchana ulipopoa, Elimringi akaja na Ludovick wa Moshi, bwana mmoja mwenye viatu vyeupe ambaye alitazama maji ya sakafuni kwa huzuni kubwa. Walikuta banda limejaa. Kisioki alikuwepo, Dismasi alikuwepo na bisibisi yake kama daktari wa zamu, wateja walikuwepo na hakuna aliyeagiza kitu. Ndeshi alikuwa juu ya kreti la soda kwa ajili ya maji, pedi mkononi. Resiato ndiye aliyekuwa amelifikisha jitoto mlimani, kidole kikamchoka, na pale langoni akamkabidhi pedi.

"Malizia wewe, Mama Hope."

"Mimi sijui kupigana."

"Sasa utajua."

"Shikamoo dada," akasema Elimringi pale mlangoni.

"Marahaba, subiri," akasema Ndeshi bila kugeuka. Tangu azaliwe Elimringi hakuwahi kuambiwa subiri na dada yake, na akasubiri.

Joka likainua kichwa. Mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka muziki hausikiki. Likapumua, na moto ukapita juu ya jitoto, na jitoto likabaki limesimama ndani ya koti lake. Banda likapiga kelele. Ndeshi hakusikia, wala harufu ya maharage yanayoungua jikoni haikumfikia. Mguu kwanza, alikuwa akijiambia, mguu kwanza. Akaingia chini ya tumbo, akapiga mguu, akatoka. Akaingia, akapiga, akatoka. Likampata mara moja, likampata mara mbili, Resiato anamshika bega bila kujua, Kisioki anataja dawa, kula dawa mama, akala dawa, akaingia tena. Ludovick alikuwa amekanyaga maji na viatu vyake vyeupe ili aone vizuri. Halafu joka likasimama. Likatikisika. Likaanza kufifia kidogokidogo, na lango nyuma yake likafunguka, na ule mlima ukaacha kufuka moshi.

"Sidai oleng," akasema Resiato kwa lugha ya kwao, yaani vizuri mno, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Jitoto likashuka lenyewe bila kuongozwa. Likavuka mapango, likavuka msitu na mto, likaingia kijijini, likaenda moja kwa moja kwenye nyumba ya pembeni. Bibi akaongea. Wote wakamgeukia Kisioki. Akasoma kwa shida, midomo inatembea.

"Anasema chakula kipo."

Ndeshi alishuka kwenye kreti. Uso wake ulikuwa umelowa, na wala haikuwa mvua. Tangu lile daftari alilolipandisha darini hakuwahi kukifikisha kitu mwisho, si shule, si ndoa, si kazi. Hiki alikifikisha. Furaha ilikuwa imemjaa hata hakujua aiweke wapi, na akaona kwamba isipomwongoza sasa hivi haitamwongoza tena.

Ludovick akajikohoza. "Basi mama, mashine nimeiona, iko vizuri sana. Tuifunge, halafu Bwana Elimringi twende tukaone hiyo fremu."

"Elimringi," akasema Ndeshi.

"Dada."

"Ule ufunguo."

"Upi?"

"Ule uliokuwa unaniwekea mezani." Akanyoosha mkono, kiganja juu, mbele ya watu wote. Mkono wenyewe ulikuwa mzito kama umebeba ndoo. "Nipe. Naichukua fremu."

Elimringi alimtazama. Mtu mzima, mwenye magari bandarini, akaanza kuhangaika na mkufu wa funguo kama mtoto anayefungua vifungo. Ufunguo ukagoma, ukatoka. Akauweka kwenye kiganja cha dada yake, akakifunga kile kiganja kwa mikono yake miwili.

"Watasema nimekudai uji," Ndeshi akasema kwa sauti ya chini.

"Dada, ile fremu niliijenga nikiwa nimepima jiko lako. Bomba la ndani nililiweka la nini? Mimi nilikuwa nakuambia..." Hakukiachia kile kiganja.

"Tangu siku ya kwanza," Resiato akammalizia.

Ludovick wa Moshi akauliza sasa yeye mashine atakwenda kuiweka wapi. Lilikuwa swali la haki kabisa. Ndeshi alimpakulia loshoro, akala akashiba, akasema hajawahi kula kitu kama kile, akapanda gari lake kurudi kwao, viatu vikiwa vimebadilika rangi. Mashine ikabaki.

Mgahawa wa Themi ulifunguliwa mvua zilipokatika. Jiko lilikaa huku, benchi zilikaa kule, chupa za chai zilikaa dirishani, na kwenye kona kulikuwa na tivii isiyo na rangi na foleni ya watu wazima wanaosingizia wamekuja kula. Kisioki alikuwa ameanzisha safari mpya na kumwandikia Ndeshi jina lake kwa herufi za Kijapani, maana linaandikika, na lile la Aaaa wakaliacha juu yake kwenye orodha ya majina, kwa heshima.

Siku ile ya kufungua, Ndeshi alikuwa ameinama anapuliza moto wakati mlango ulipogongwa. Mlango ulikuwa wazi. Aliinua kichwa akamwona Elimringi amesimama nje ya fremu aliyoijenga kwa mikono na jasho lake, suruali imepigwa pasi, hakuvuka kizingiti.

"Hodi, dada," akasema.

"Karibu," akasema Ndeshi. "Chakula kipo."